Kizimio cha Osmundi

Editha Nyagawa aliipima damu ya kaka yake Osmundi mara tatu, na mara zote tatu mashine ikatoa jibu lile lile. Homoni ya kiume ilikuwa sitini na nne. Mwanamume wa umri wa Osmundi anatakiwa awe kati ya kumi na thelathini. Lakini kilichomtia baridi ni mstari wa chini yake: katika kila sehemu mia za damu ile, sitini na moja zilikuwa chembe nyekundu. Damu ya namna hiyo haitiririki, inajikokota. Inaweza kuganda wakati wowote, ikaziba mshipa wa moyo au wa kichwa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi na ukungu wa Njombe ulikuwa bado umeyafunika madirisha ya Kituo cha Seli. Editha alifuta jina kwenye kioo cha mashine, kana kwamba akilifuta majibu yatakuwa ya mtu mwingine, halafu akalirudisha. Alikuwa daktari wa kituo kile kwa miaka tisa. Vitalu vya seli vilivyokuwa chini ya ngozi ya Osmundi alikuwa amevipanda yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Watu wa nyanda za juu waliuita ugonjwa wa Osmundi ukavu. Ulianza na wanaume waliokuwa wamepulizia viazi dawa ya kuua ukungu tangu ujana wao, dawa ambayo baadaye ilipigwa marufuku. Korodani zao zilinyamaza. Ndevu zikapukutika, misuli ikanywea, mifupa ikawa myepesi kama mabua. Sindano za homoni hazikuwasaidia, kwa sababu dawa ile ilikuwa imewaharibia maini pia; homoni iliyodungwa asubuhi ilikuwa imeshavunjwavunjwa kabla ya jua kutua. Osmundi alivunjika nyonga akiwa na miaka arobaini na mbili, akiinuka tu kwenye kigoda. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa laini kubwa za umeme, mtu wa kupanda minara ya chuma. Miaka mitatu iliyofuata mkewe Salvina alimgeuza kitandani, akamwogesha, akamsikia akilia bila kujua analilia nini.

Vitalu ndivyo vilivyomwinua. Editha alikata kipande cha ngozi nyuma ya mkono wa kaka yake, akazirudisha seli zake utotoni, kisha kwa siku arobaini akazifundisha kuwa seli za Leydig, zile zinazotengeneza homoni ndani ya korodani. Akazishona kwenye vifuko sita vya wavu mwembamba, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, akavipanda chini ya ngozi ya tumbo. Seli hizo zilikuwa na sikio. Ubongo ukituma ujumbe kwamba homoni imepungua, zilitengeneza. Ubongo ukinyamaza, zilipumzika. Mwaka uliofuata Osmundi alikuwa juu ya mnara tena, amejifunga mkanda, akiimba.

Sasa ubongo wake ulikuwa umenyamaza kwa wiki kadhaa, na vitalu havikupumzika. Vilikuwa vimekuwa viziwi.

*

Osmundi alikuja kituoni siku hiyo hiyo mchana, akiwa na viatu vya kazi na uso mwekundu kama mtu aliyetoka kwenye moto. Alimsikiliza mdogo wake bila kumkatiza. Editha alimweleza habari ya damu nzito. Alimweleza pia kwamba vifuko haviwezi kukatwa vikatolewa, kwani baada ya miaka miwili mishipa imeviingia na seli zimesambaa kwenye mafuta ya tumbo. Njia ilikuwa moja. Kila seli ilipofundishwa ilitiwa kufuli ndani yake, na kulikuwa na kidonge kimoja cha kuifungua. Kiliitwa kizimio. Mtu akikimeza, ndani ya siku tatu hakuna seli ya kitalu itakayobaki hai.

Osmundi aliuliza kama baada ya hapo atapandiwa vingine. Editha hakutaka kumpamba. Alimwambia kwamba itabidi wangoje mwaka mzima, na kwamba kati ya wanne waliojaribiwa kupandiwa mara ya pili, wawili miili yao ilikataa.

“Kwa hiyo unaniambia nirudi kitandani,” Osmundi alisema.

“Nakuambia uishi, kaka.”

“Kule kitandani hukuwepo wewe. Ulikuwa unakuja Jumapili na machungwa.” Alisema bila hasira, na ndiyo maana maneno yale yalimchoma. “Nitatolewa damu kila wiki kama unavyotaka. Vidonge vya kulainisha damu nitameza. Hicho kingine hapana.”

Alimtaka Editha aandike kwamba amekataa, kisha akatia sahihi yake. Editha alimwomba angalau asipande minara mpaka damu ishuke. Osmundi akajibu kwamba wiki hiyo wanabadilisha vikombe vya kauri vinavyobeba nyaya kwenye laini ya Makambako, na kwamba hakuna mwingine wa kufanya kazi ile na fundi mwenzake Zakayo. Editha angeweza kuwapigia simu mabosi wa kaka yake. Lakini siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, na alijua kwamba mtu aliyekuwa na ukavu akitajwa mara moja tu kuwa hafai, hapandi tena maisha yake yote. Akamtoa damu nusu lita, akamwacha aende. Hakulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata.

*

Jumatano Salvina alimfuata Editha nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana yaliyotokana na kumbeba mume, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema kwamba Osmundi analala saa mbili tu, kisha anaamka kwa kukoroma na kukabwa na pumzi. Kichwa kinamuuma kila siku. Juzi alisimama mlangoni akasahau ndoo inaitwaje.

Editha akamuuliza kama Osmundi amewahi kumpiga au kumtisha. Watu wengi waliamini kwamba homoni ikizidi mwanamume anageuka mnyama, na alitaka kujua ukweli.

“Hajanigusa,” Salvina alisema. “Ni yule yule. Ndiyo maana nimekuja.”

Kisha akaeleza alichokuja kukiomba, kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa sakafuni. Kidonge kile kinayeyuka, si ndiyo? Osmundi hapokei chai kwa mtu siku hizi, anasema inampandisha joto, lakini kwa Editha atapokea. Atadhani vitalu vimekufa vyenyewe. Atahuzunika, lakini atahuzunika akiwa hai.

Editha alimwambia kwamba hilo ni kosa kisheria. Alimwambia pia kwamba kaka yake amekataa kwa akili zake timamu.

“Wifi,” Salvina alisema, “mimi nilimgeuza kitandani miaka mitatu. Niko tayari kumgeuza mitatu mingine, hata thelathini. Siko tayari kumzika. Sheria ikinikuta, itanikuta naye.”

Alipoondoka, Editha alibaki ameshika kikombe kilichopoa. Alijaribu kupata jibu la kumshinda wifi yake. Kila alipoanza na haki ya mgonjwa kuchagua, aliiona ile namba, sitini na moja, akamwona Osmundi amening'inia juu ya mnara, mshipa umeziba, Zakayo chini yake. Alhamisi asubuhi alifungua kabati la dawa kwa ufunguo wake. Akatoa kidonge kimoja cheupe, akakiponda kwa kijiko, akakitia kwenye chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, jinsi kaka yake alivyoipenda. Akakaza kifuniko, akachukua funguo za gari.

*

Mnara waliokuwa wakiufanyia kazi ulisimama kwenye mteremko wa miti ya parachichi, mita arobaini kwenda juu. Laini ilikuwa imezimwa hadi saa nane mchana. Zakayo Lupenza, mwenzake Osmundi wa miaka mingi, mwembamba na mkimya, alikuwa akipanga vikombe vya kauri kwenye mfuko wa turubai. Osmundi alikuwa tayari amefunga mkanda. Alimwona mdogo wake akishuka kwenye gari akacheka, akamwuliza kama amekuja kumtoa damu porini.

Editha akasema amemletea chai.

Osmundi alimtazama, akaipokea chupa. Akafungua kifuniko, akamimina, mvuke ukapanda. Alimweleza Zakayo kwamba huyu ndiye aliyemtoa kaburini, kama alivyokuwa akimweleza kila mtu, na Zakayo akaitikia kwa kichwa kwa kuwa alishayasikia mara nyingi. Kisha Osmundi akakinyanyua kifuniko chenye chai.

“Usinywe,” Editha alisema.

Osmundi alisimamisha mkono. Upepo ulikuwa ukipita kwenye vyuma vya mnara juu yao. Alikitazama kile kifuniko, akamtazama Editha, na polepole uso wake ukaelewa.

“Ulikuwa unipe?”

“Ndiyo.”

“Bila kuniambia?”

“Bila kukuambia. Nimeshindwa.”

“Salvina anajua?”

Editha alikuwa ameshasema ukweli mmoja, na hakuwa na nguvu ya kusema wa pili. Akajibu kwamba hapana, ni wazo lake peke yake. Osmundi akaimwaga chai kwenye majani, taratibu, mpaka tone la mwisho, akamrudishia chupa kwa mikono miwili kama anavyorudishiwa mgeni kitu chake. Hakumtukana. Angemtukana, Editha angejua la kufanya. Aligeuka tu, akashika chuma cha kwanza, akaanza kupanda.

Editha alimwita. Alimwomba Zakayo amzuie. Akasahau siri ya mgonjwa na kila kitu, akasema kwa sauti kwamba damu yake imekuwa nzito, inaweza kumziba kichwa akiwa huko juu. Zakayo aliutupa mfuko wa vikombe na kumfuata bila kuuliza swali.

Osmundi alipanda haraka, kwa hasira, mita kumi, kumi na tano, ishirini. Alipofika mita thelathini hivi alisimama. Editha akadhani anapumzika. Kisha akaona mguu wa kushoto umeteleza kwenye chuma na haurudi. Mkono wa kushoto nao ukaachia, ukaning'inia kama mkono wa koti. Mwili wote ukalemea kwenye mkanda, ukayumba ukagonga chuma, ukatulia.

Zakayo alimfikia kwa chini, akampitishia kamba mgongoni na kumfunga kifuani kwake. Ilimchukua dakika ishirini na tano kumshusha, hatua moja baada ya nyingine, akizungumza naye muda wote kwa sauti ya kawaida, akimwambia weka mguu hapa, sasa hapa, ingawa mguu aliusogeza yeye. Editha alisimama chini na ile chupa mkononi. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, akapiga simu kituoni, na alipomaliza kupiga simu hakuwa na kitu kingine cha kufanya ila kutazama.

*

Hospitali walimpa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na wakaanza kumtoa damu kila saa sita, wakirudishia maji. Upande wa kushoto haukusogea. Aliweza kufumbua macho, aliweza kumeza, lakini kila alipotaka kusema ilitoka sauti moja tu, ya chini, isiyo neno.

Ijumaa asubuhi mkuu wa kituo, Dokta Kaduma, alimwita Editha kwenye chumba kidogo cha mapumziko cha wauguzi. Sheria ilisema kwamba mgonjwa aliye katika hatari ya kufa, asiyeweza kujisemea, anaweza kupewa kizimio iwapo madaktari watatu watakubaliana, na mmoja wao lazima awe yule aliyevipanda vitalu. Kaduma alikuwa ameshasaini. Daktari wa pili alikuwa ameshasaini pia. Karatasi ilikuwa mezani.

“Najua ni kaka yako,” Kaduma alisema. “Ningekuwa na njia ya kukutoa ningekutoa. Lakini damu inatengenezwa haraka kuliko tunavyoitoa. Damu ikiganda tena, hatutakuwa na la kufanya.”

Editha aliuliza wana muda gani. Kaduma akasema hakuna ajuaye. Huenda siku mbili, huenda saa mbili. Editha akauliza kama akili yake ipo. Kaduma akakiri kwamba picha zinaonyesha ipo, ila mlango wa maneno umefungwa, na kwa kawaida mlango huo hufunguka kidogo kidogo.

Editha alikwenda kwenye kitanda cha kaka yake. Osmundi alimwona, akamfuata kwa macho. Editha akamshika mkono wa kulia, akamweleza yote polepole: karatasi, sahihi mbili, kidonge. Akamwambia abane mkono wake mara moja kama anakubali.

Osmundi aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Editha, akauficha chini ya shuka.

Editha alirudi kwenye chumba cha wauguzi akasema hatasaini. Kaduma hakubishana, ila alimuuliza kama anaelewa anachokifanya. Editha akajibu kwamba hana hakika. Alisema jana alikuwa na hakika kabisa, na matokeo yake yamelala kitandani. Kaka yake alikataa akiwa na sauti na amekataa sasa bila sauti. Akatae tena akiwa amepata maneno, au akubali, lakini awe yeye. Mpaka hapo watamtoa damu kila saa tatu badala ya sita, na yeye Editha atasimama pale kuitoa.

Salvina alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alimwendea wifi yake karibu sana, na Editha akadhani atapigwa.

“Akifa,” Salvina alisema, “usije msibani.”

*

Ijumaa ilipita hivyo, na Jumamosi yote. Sindano, chupa, kipimo cha chembe nyekundu. Hamsini na tisa, hamsini na saba, hamsini na nane. Editha alikula kwa kusimama. Salvina alikaa upande wa pili wa kitanda akimkanda mguu uliokufa, na hawakusemeshana, isipokuwa pale mmoja alipohitaji kupitishiwa kitu. Zakayo alikuja mchana, akasimama miguuni pa kitanda ameshika kofia yake ngumu, akamweleza Osmundi kwamba vikombe vyote vimebadilishwa na laini imewaka. Hakujua kama anasikia. Alimweleza hata hivyo.

Jumapili kabla ya saa nne asubuhi Editha alikuwa akifunga bomba la damu aliposikia sauti nyuma yake, nzito, iliyokwaruza, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

“Bado ninavyo?”

Aligeuka. Osmundi alikuwa akimtazama. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, lakini maneno yalikuwa maneno.

“Unavyo,” Editha alisema. “Vyote sita. Hakuna aliyevigusa.”

Osmundi alifumba macho. Machozi yalimtoka upande mmoja, yakaingia sikioni, na Salvina akayafuta kwa kanga. Walimngoja. Alipofumbua macho alimwomba mdogo wake amweleze tena habari ya kile kidonge, yote, kama alivyomweleza Jumatatu. Editha akamweleza. Hakuficha kwamba mkono wa kushoto huenda usirudi hata akimeza, na kwamba baridi na uchovu vitaanza siku ya pili, na huzuni ile isiyo na sababu siku ya tatu au ya nne.

“Naijua hiyo,” Osmundi alisema. “Nimeishi humo.” Alipumzika, maana kila neno lilimgharimu. “Leta.”

Editha alileta kidonge kizima kwenye kifuniko cha plastiki, na karatasi. Osmundi aliisaini kwa mkono wa kulia, herufi kubwa zilizopinda. Kisha akakichukua kidonge mwenyewe kwa vidole viwili, akakitazama pande zote, akakiweka ulimini na kuomba maji.

Alipomeza, Salvina aliinuka. Alisimama wima kama mtu aliyeitwa jina mahakamani.

“Ile chai,” alisema, “ni mimi niliyemwomba wifi aitengeneze.”

Osmundi alimtazama mkewe, kisha mdogo wake aliyemdanganya pale chini ya mnara ili kumficha, kisha akarudi kwa mkewe. Editha aliona shingo yake ikipiga mapigo, haraka, kisha polepole. Alijiandaa kwa lolote.

“Mna watu wengine wa kwenda kuwaona leo?” Osmundi aliuliza.

Salvina akasema hapana. Editha akasema hapana.

“Basi kaeni. Wote wawili. Mpaka viishe.”

Wakakaa, mmoja kila upande. Jumatatu asubuhi kipimo cha homoni kilisoma arobaini na moja, na Osmundi akaomba blanketi la pili. Jumanne kilisoma kumi na tisa, kiwango cha mwanamume mzima mwenye afya. Kwa saa chache alikuwa sawasawa kabisa, akala ugali wake wote, akamchekesha Salvina, na wote watatu walijua ni saa chache. Jumatano alasiri kilisoma mbili. Editha alimwonyesha karatasi. Osmundi aliisoma, akaikunja kwa mkono mmoja, akasema amechoka, na akaomba ageuzwe.

Salvina alishika mabega. Editha, ambaye hakuwahi kuifanya kazi ile hata siku moja, aliuliza ashike wapi.

“Hapo kwenye goti,” Osmundi alimwambia. “Inua kwanza, ndiyo usukume.”